Shajara ya uzio: nguzo tano, upepo mmoja, pande tatu

Jumapili

Uzio wa mbao kati ya bustani yangu na ya jirani umelala chini. Una nguzo tisa, nami nimezipa namba kwa chaki kuanzia upande wa barabara. Ya 1 na ya 2 zimesimama. Ya 3 hadi ya 7 zimeanguka pamoja na mbao zake. Ya 8 na ya 9 zimesimama. Zilizoanguka zote zimelalia kwangu, juu ya miche.

Upepo wa usiku ulikuwa mkali, hilo halina ubishi. Kufikia asubuhi kila aliyepita alikwisha kukata kesi. Mmoja kasema ni upepo tu, hakuna wa kulaumiwa, kila mtu anyamaze. Mwingine kasema uzio wa kati ni wa wawili, gawaneni nusu kwa nusu muendelee na maisha. Wote wawili hawakuinama hata mara moja kutazama visiki.

Nimeamua hakuna kinachoinuliwa wala kung'olewa mpaka picha zipigwe. Nimepiga za mbali zinazoonyesha uzio wote, kisha za kila nguzo, kisha za kila mkatiko kwa karibu, tepu ya kupimia ikiwa pembeni. Picha ya kisiki bila kipimo haimsaidii mtu. Miezi miwili baadaye hakuna atakayekumbuka kama kilikatikia kwenye kifundo cha mguu au kwenye goti.

Nimebisha hodi kwa jirani kuomba kupiga na upande wake. Ni mama mtu mzima, amepanga hapo.

"Piga tu, mwanangu," kaniambia. "Na mimi nataka kujua, maana najua swali la kwanza litakuja kwangu."

Nimemuomba asiguse lile tuta lake la udongo lililoegemea uzio mpaka tumalize kupima. Kakubali. Tumefunga kamba kwenye pengo ili watoto wasipite juu ya misumari.

Jumatatu jioni

Nimekaa kitako kupanga mambo kabla sijasema neno la fedha na mtu yeyote. Mazungumzo ya uzio huharibika kwa sababu watu hujibu maswali matatu kwa pumzi moja. Uzio ni wa nani? Nini kimeuangusha? Nani alikuwa na uwezo wa kuzuia usianguke? Majibu yanaweza kumwangukia mtu mmoja, lakini si lazima. Uzio unaweza kuwa wangu kabisa na bado aliyeuharibu akawa mwingine. Unaweza pia kuwa wa wawili, na aliyezembea kuutunza akawa mimi peke yangu.

Sheria za nyua zinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Mahali pengine sheria yenyewe inawalazimisha majirani kuchangia uzio wa mpakani, pengine hakuna anayelazimishwa hata kuwa nao. Ila maswali haya matatu yanabaki yale yale popote ulipo. Naanza na la pili, kwa sababu ushahidi wake unaharibika haraka. Mpaka hautahama wiki hii, lakini kisiki kilicholowa kikikauka hakitasema tena kile kinachosema leo.

Jumatano

Siku ya visiki. Hii ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Nimechukua bisibisi bapa nikachoma kila nguzo, zilizoanguka na zilizosimama, kuanzia chini kwenda juu kwa nafasi ya upana wa kiganja. Mbao nzima inakataa: ncha inaingia kidogo, inagonga, basi. Mbao iliyooza inaimeza bisibisi.

Nguzo ya 4 imekatika pale pale usawa wa ardhi. Ndani ni kahawia, imepasukapasuka vipande vya mraba, na ukivisugua kwa vidole vinageuka unga. Uozo umezunguka pande zote nne sawasawa. Hivi ndivyo nguzo nyingi za mbao zinavyokufa. Chini kabisa udongoni kuna maji lakini hewa ni haba. Juu kuna hewa, lakini mbao hukauka mvua ikikatika. Pale usawa wa ardhi maji na hewa vinakutana, na kuvu wa kuozesha wanapata vyote wanavyohitaji. Mbao inayobaki na unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, hata ikae miaka. Kwa hiyo ya 4 nimeiandikia: umri. Hakuna mtu aliyeifanya kitu.

Ya 5 na ya 6 ni hadithi nyingine. Hizi hazikukatikia chini. Zimekatika juu, sentimita 38 moja na sentimita 41 nyingine kutoka usawa wa ardhi yangu. Nguzo mahali hapo ilitakiwa kuwa hewani, kavu. Nimezigeuza. Uso unaotazama kwa jirani umeoza hadi ndani, bisibisi inazama bila kusukumwa. Uso unaotazama kwangu bado mgumu kiasi kwamba ncha iliteleza ikanichubua kidole. Mbao za safu mbili za chini, zilizokuwa kati ya nguzo na tuta, zimekuwa laini nyuma na imara mbele. Nilipopima tuta la mama upande wa pili, kimo chake mbele ya nguzo hizo ni sentimita 40 na ushee.

Yaani kwa nguzo hizi mbili usawa wa ardhi ulihama. Udongo ulirundikwa juu ya uzio, na mahali pa kuoza pakapanda nao. Juu ya hapo kuna uzito. Uzio wa bustani hujengwa kuzuia macho na wanyama. Haujengwi kuzuia udongo. Udongo mkavu tayari unasukuma, ukilowa unasukuma zaidi. Ndiyo maana kila kitu kimeangukia kwangu.

Ya 7 iko pale tuta linapoishia na ina dalili zote mbili: imeoza kuzunguka usawa wa ardhi kama ya 4, na ina uozo wa upande mmoja hapo juu kama ya 5. Nimeiandikia: nusu kwa nusu.

Ya 3 nilidhani ingekuwa rahisi, ikawa ndiyo ya ubishi. Mkatiko wake ni mweupe, wenye nyuzi ndefu zilizochanika, na bisibisi haiingii popote. Nguzo hii ilikuwa nzima. Imevutwa na wenzake, kwa sababu mbao ndefu zimepigiliwa kutoka ya 2 kupita ya 3 hadi ya 4, na 4 ilipokwenda iliondoka nayo. Lakini je, 4 ingekwenda usiku ule bila 5 na 6 kuivuta? Hilo visiki havisemi.

Nimetafuta njia za mchwa, zile mirija ya udongo inayopanda juu ya mbao. Hakuna. Mchwa nimewafuta kwenye orodha.

Na nguzo ya 2, ambayo imesimama, bisibisi imeingia nusu. Hii ni yangu na haihusiani na anguko, ila nimeiandika ili nisije kujifanya sikuiona.

Alhamisi

Kuhusu upepo, kwa kifupi. Uzio wa mbao zilizobanana ni tanga, haupitishi hewa. Na nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hiyo upepo wa usiku ule ulisukuma kwelikweli. Lakini ulipita juu ya nguzo zote tisa, na zilizosalimika ni zile zisizo na tuta nyuma yake. Anayesema "ni upepo tu" anieleze kwa nini upepo huo ulichagua.

Nimesoma pia masharti ya bima yangu ya nyumba. Uzio umetajwa kwa jina kwenye orodha ya vitu visivyolipwa upepo ukiviangusha, na uchakavu umetajwa tena mbele. Mlango huo nimeufunga bila kupiga simu.

Jumamosi

Leo ni zamu ya swali la umiliki.

Hati yangu inataja ukubwa wa kiwanja na haisemi lolote kuhusu uzio. Ramani iliyoambatanishwa ni ya kipimo cha 1:1000. Ukichukua rula ukapima unene wa mstari wa mpaka, ukakuta ni nusu milimita, mstari huo peke yake unafunika nusu mita ya ardhi. Huwezi kugombea upana wa kiganja kwa ramani ambayo mstari wake ni mnene kuliko ugomvi wenyewe. Nimewahi kuwaona watu wakisogezeana karatasi kama hii mezani kwa hasira, kila mmoja na kidole chake juu ya mstari.

Kinachosema ni mawe ya mpaka. La mbele lilikuwa chini ya majani. La nyuma lilikuwa limefukiwa kidogo. Nimefagia udongo kwa brashi bila kuligusa lenyewe, maana kung'oa au kusogeza jiwe la mpaka ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na hata kulitikisa tu kwa bahati mbaya kunaharibu neno lako lote. Nimefunga kamba ya uashi kutoka jiwe hadi jiwe, mama akashika upande mmoja kama shahidi.

"Mbona kamba iko kwangu na uzio uko kwako?" kauliza.

Ndivyo ilivyo. Uso wa nje wa mbao uko ndani ya kiwanja changu, shibiri moja mbele na vidole vinne nyuma. Uzio wote umekaa kwangu. Kamba yangu si kazi ya mpima ardhi, na kama mtu angebisha ningemwita mwenye leseni na vyombo vyake. Kwa sasa hakuna anayebisha, na gharama ya mpima ingekula sehemu kubwa ya gharama ya uzio.

Kuna imani kwamba upande wenye nguzo ndio wa mwenye uzio. Nguzo ziko kwangu, imani hiyo ingenifaa, lakini siitumii. Fundi huweka nguzo mahali penye nafasi ya kufanyia kazi, au pale alipoambiwa na anayemlipa, na watu huuza viwanja bila kuacha maelezo. Mawe yanatosha. Aliyejenga uzio huu alikuja kabla yangu, lakini kitu kilichosimikwa ardhini kwa kawaida hufuata ardhi, kwa hiyo uzio ni wangu, na uchakavu wake pia ni wangu. Ya 4 siwezi kumdai mtu.

Jumapili

Nimeketi na mama, nikamwonyesha picha za ya 5 na ya 6. Hakubisha kuhusu udongo. Alichosema ni hiki:

"Tuta nililikuta, mwanangu. Mimi nimeongeza tu."

Nilimwamini, lakini kuamini hakutoshi, kwa sababu kitakachofuata ni mwenye nyumba kusema mpangaji ndiye aliyerundika. Nimepekua picha za zamani kwenye simu. Moja, iliyopigwa kabla mama hajahamia, inamwonyesha mtoto na baiskeli, na nyuma yake uzio. Kupitia pengo la mbao mbili zilizoachana unaona udongo umefika juu ya safu ya kwanza. Sasa unafika juu ya safu ya pili. Picha hiyo imemwokoa mama. Mwenye nyumba au aliyekuwa kabla ya mama alianzisha tuta, mama kalipandisha kwa safu moja.

Kuoza kwa kiwango kile hakuwezi kuwa kazi ya miezi michache aliyokaa mama. Udongo wake umeongeza uzito, sawa, lakini nguzo zilikuwa zimeshaanza kuliwa. Kwa maoni yangu mama hadaiwi fedha. Anadaiwa koleo na toroli: udongo uondoke kwenye mpaka. Kakubali papo hapo, akauliza tu uende wapi.

Jambo lingine, na hili watu wengi hulisahau: mpangaji hawezi kukubaliana nami chochote kuhusu mpaka wala muundo wa kudumu. Si mali yake. Angesaini karatasi kwa moyo mweupe, na mwaka unaofuata mwenye nyumba akaichana. Kwa hiyo lazima nizungumze na mzee mwenyewe.

Jumanne

Nimempigia mzee. Salamu ndefu, habari za watoto, kisha uzio. Kama nilivyotarajia, neno lake la kwanza lilikuwa upepo, la pili mpangaji. Sikujibizana naye. Nimemtumia picha nne tu: ya 4, ya 5 iliyogeuzwa pande zote mbili, na ile ya baiskeli. Nikaandika chini ya kila moja sentensi moja, bila neno "kosa" wala "fidia". Picha ishirini zingemfanya ajihisi yuko mahakamani.

Kapiga mwenyewe jioni. "Kijana wangu, hilo tuta nakumbuka. Tulikuwa tumechimba msingi wa stoo, udongo ukabaki." Kisha: "Tumalize. Nusu kwa nusu."

Alhamisi

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nguzo tano zimeanguka. Ya 4 ni yangu. Ya 5 na ya 6 ni zake. Ya 7 nusu nusu. Ya 3, kwa kuwa hakuna awezaye kusema nani aliivuta, nusu nusu pia. Jumla: yeye tatu, mimi mbili, na mbao zifuate mgawo huo huo. Yeye anataka mbili na nusu kwa mbili na nusu.

Tofauti ni nusu ya nguzo. Kwa nusu ya nguzo singegombana na mtu mzima. Kinachonisumbua ni kile kilichofichwa ndani ya "nusu kwa nusu". Anayelipia nusu ya uzio, kesho atauona ni wake nusu. Kesho kutwa atakayenunua kiwanja chake ataambiwa uzio ni wa pamoja, umejengwa kwa pamoja, kwa hiyo mpaka unapita katikati ya uzio. Shibiri yangu ya mbele itakuwa imeondoka kwa risiti.

Nimemrudia na pendekezo: nakubali nusu, naiacha ile nusu ya nguzo, ila karatasi iseme mchango ni wa nini. Kanyamaza kidogo, kisha kacheka. "Andika, nitasoma."

Jumamosi

Tumekutana watatu, hapo hapo kwenye kamba. Mzee kazichoma nguzo kwa bisibisi mwenyewe. Ya 6 ilimshangaza, akarudia mara kadhaa. Makubaliano ni ukurasa mmoja. Sehemu niliyoing'ang'ania inasomeka hivi:

"Mchango huu unatolewa kwa sababu ya uharibifu uliotokana na udongo uliorundikwa kwenye uzio. Haubadilishi mpaka, wala haumfanyi mchangiaji kuwa mwenye uzio. Uzio wote umo ndani ya kiwanja cha upande wa kwanza, kama ulivyopimwa kwa kamba kati ya mawe mawili ya mpaka mbele ya waliosaini."

Zinafuata namba za nguzo, mgawo wa gharama kwa mafungu mawili (la kwanza kabla ya kazi, la pili nguzo zikishasimama), na sharti kwamba udongo hautaegemea uzio tena: tuta litarudishwa nyuma sentimita 50, na mzee atalijengea kizuizi chake chenyewe kinachosimama bila kushika uzio. Mama kasaini kama shahidi na kwa ajili ya sehemu yake ya kuhamisha udongo. Kila mmoja kaondoka na nakala, na picha zimeambatanishwa.

Mzee aliuliza kwa nini nimeandika hadi mahali nilipofunga kamba. Nikamwambia ni kwa ajili ya wanetu, sisi wawili hatuhitaji. Hapo hakuongeza neno.

Kazi yenyewe

Fundi alitaka kusimika nguzo fupi pembeni ya visiki vya zamani na kuzifunga kwa boliti, ili asichimbe. Kwa ya 4 ingewezekana. Kwa ya 5 na ya 6 hapana, kwa sababu uozo umepanda juu na boliti ingeshika unga. Tumeng'oa visiki vyote vitano kwa mtaimbo.

Mashimo yana kina cha sentimita 75: kokoto sentimita 15 chini ili maji yapenye, kisha nguzo sentimita 60 ndani ya zege. Uzio una kimo cha mita 1.8, kwa hiyo robo ya nguzo iko ardhini. Juu ya zege fundi alitaka kuacha bapa. Nimemuomba aliinamishe litoke kwenye nguzo kwenda nje, maana zege bapa hutengeneza kibakuli na maji hukaa pale pale tulipoona yanaua. Ncha zilizokatwa zimepakwa dawa upya; mbao iliyotiwa dawa kiwandani ikikatwa, sehemu mpya ya ndani inabaki wazi. Mbao ya chini kabisa imeachwa sentimita 5 juu ya ardhi.

Mbao za safu za juu zilikuwa nzima, tumezirudisha. Tofauti ya rangi inaonekana vibaya, lakini nimezoea.

Nguzo ya 2 nimeibadilisha kwa fedha yangu, nje ya makubaliano. Ya 8 bisibisi inaingia kidogo kuliko nilivyopenda. Nimeandika kipimo kwa wino ndani ya shajara hii na nitaichoma tena kabla ya msimu ujao wa upepo.

Fungu la pili la mzee limeingia. Kizuizi chake bado, anasema anasubiri mawe. Udongo wenyewe mama alishauhamisha na wajukuu zake, kwa hiyo pale mpakani pana njia tupu ya sentimita 50. Jana kaniuliza kama anaweza kupanga ndoo zake hapo. Nimemwambia hapo ni kwake, apange tu, mradi zisiegemee mbao.